Goita Iliyoambiwa Isubiri

Nisikilizeni taratibu, ndugu zangu, kwa maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Jina la Bwana lisifiwe kwa kila pumzi iliyomo humu ndani. Wewe uliyekaa nyuma, kama hunisikii sogea mbele, nafasi ipo.

Nafundisha chekechea hapa Kawe, na mume wangu anachonga vinyago Mwenge. Wengi mnakumbuka nilivyokuwa na goita, ule uvimbe wa shingoni, mkubwa hadi watoto darasani wakawa wananiuliza nimemeza nini. Nilishaonana na daktari wa upasuaji, nikapimwa, nikapangiwa tarehe. Nilikuwa nimekwisha kufua kanga za kwenda nazo wodini.

Ndipo korona ikaingia. Nikapigiwa simu kwamba upasuaji unaoweza kungoja umeahirishwa, nikae nyumbani, wataniita. Nikatii. Sikuelewa kwa nini ugonjwa wa mapafu uzuie shingo yangu kutibiwa. Baadaye daktari alinifafanulia, nami nawafafanulia ninyi. Mtu anayepasuliwa mara nyingi hupewa dawa ya usingizi, na mashine ndiyo inayompumulia. Mashine hizo, oksijeni, na wauguzi wanaozijua, vilihitajika kwa wagonjwa wa korona. Tena mwenye virusi akipasuliwa anaweza kupona kwa shida, na anaweza kuwaambukiza wanaomhudumia, hasa kazi inapofanyika karibu na koo. Basi si hapa kwetu tu. Duniani kote, nchi tajiri na maskini, wagonjwa walirudishwa nyumbani: wa ngiri, wa mtoto wa jicho, wa nyonga, hata baadhi ya wenye saratani. Hakuna aliyenichukia. Lakini, ndugu zangu, goita yangu haikupokea ile simu. Iliendelea kukua.

Nilianza kwa kulalia mito miwili. Halafu nikawa nalala nimekaa, nimeegemea ukuta. Kuvuta hewa kukawa kama kufyonza uji mzito kwa mrija.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mtu akikohoa au akihema kwa shida, mtaa mzima unasema ni korona, na mtaa mzima unajua dawa. Majirani walikuja na upendo wao na masufuria yao: mwarobaini, mchaichai, tangawizi, malimao. Nikafunikwa blanketi juu ya mvuke, asubuhi na jioni. Siwalaumu, maana waliniombea kwa machozi. Hospitali tuliiogopa, ilisemwa kwamba ukiingia na kikohozi hutoki. Nami ndani ya blanketi lile nilikuwa nakufa, na kila mtu aliamini ananiponya.

Siku moja akaja wifi yangu Asumini kutoka Temeke. Asumini ni Mwislamu, dada wa mume wangu, na mdomo wake hauna kufuli. Alisimama mlangoni akatutazama.

"Nyie mnapika mtu au mnapika kisamvu?"

"Asumini, kaa mbali," mume wangu akamwambia. "Huyu ana korona."

"Nani kampima?"

Akalivuta blanketi. "Wifi, hebu lala chali nikuone." Nikalala. Pumzi ikatoa mluzi, ikakatika. "Basi, basi, kaa." Nikakaa, ikarudi kidogo.

"Kaka, korona gani hii inamkaba akilala, akikaa inamwachia? Si shingo hiyo inayomkaba? Mtoeni humo kabla hajaiva."

"Lakini walisema watatupigia."

"Wakipiga akishazikwa, utapokea wewe?"

Akaitoa sufuria nje akaimwaga, akaita bajaji.

Hospitalini nilipimwa korona kwanza, nikatengwa nikisubiri majibu huku wakiniwekea oksijeni. Sikuwa na korona. Picha ya shingo ikaonyesha njia ya hewa imesukumwa upande na kubanwa. Daktari akaja, macho tu ndiyo yaliyoonekana juu ya barakoa.

"Mama, mbona hukurudi?"

"Mliniambia nisubiri."

Akakaa chini kabisa, macho yetu yakawa sawa. "Tulisema upasuaji unaoweza kungoja. Wako hauwezi tena. Upande wa dharura hatukuufunga hata siku moja."

Ndugu zangu, neno hilo, "unaoweza kungoja", sikuwa nimelielewa. Nilidhani mlango wote umefungwa.

Ikatakiwa damu. Ninyi mnajua ndugu ndio huchangia, lakini wakati ule watu waliogopa hata kupita mbele ya hospitali, na akiba ilikuwa ndogo. Wakaja wachongaji wenzake mume wangu, wamejifunga vitambaa usoni. Mmoja wao, jitu zima, akamwambia muuguzi, "Sista, mie nimezoea mpingo, hautoagi damu. Nishike mkono."

Kwetu mgonjwa huogeshwa na watu wake. Safari hii ndugu hawakuruhusiwa wodini. Asumini aliachia uji getini, muuguzi akauleta. Muuguzi huyo huyo, nisiyeujua uso wake mpaka leo, alinifuta miguu asubuhi ya upasuaji. Niliposukumwa kuelekea chumba cha upasuaji nilisema, "Bwana, humu sina mtu wa kwetu. Kaa nami."

Akakaa nami. Nilipozinduka nilikuwa sina sauti, koo linawaka. Siku zilipopita muuguzi akakishusha kitanda kidogo kidogo, hadi nikalala chali. Hewa ikaingia, ikatoka, haikutoa mluzi. Nikalia bila sauti. Namshukuru Mungu kwa mdomo wa wifi yangu, kwa damu ya wachongaji, kwa mikono ya daktari. Hakuniletea malaika; aliwatuma hao.

Lakini wapo waliosubiri kama mimi, na hawapo leo. Kwa hiyo sikushuhudii ili upige makofi. Mtumaini Bwana, na kumtumaini si kukaa kimya ndani. Kama upasuaji wako uliahirishwa, kesho asubuhi rudi kliniki ile ile ulikoonwa, uwaeleze ni nini kimebadilika mwilini tangu siku ile. Na kama unabanwa pumzi, usingoje kesho. Mwambie aliye karibu nawe akupeleke hospitali sasa hivi, upande wa dharura.