Tad Gorski Ashuka Jukwaani: Miaka Ishirini na Sita na Bendi ya Ambrosine

Leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, Thaddeus Gorski, ambaye hakuna anayemwita jina lingine ila Tad, anastaafu uimbaji wa bendi ya Ambrosine baada ya miaka ishirini na sita, albamu nne na maonyesho mia tisa na ushei. Mchana amekuwa fundi wa tanuri katika kiwanda cha vioo hapa Toledo. Jioni amekuwa hakimu, mwendesha mashtaka na mjane, mara nyingine wote watatu ndani ya wimbo mmoja.

Kwa wale walioburutwa hapa na wenzi wao na hawajui wameingia wapi: Ambrosine hupiga roki kali ya mayowe, ile inayoitwa post-hardcore, na tangu mwanzo imecheza tamthilia moja tu. Mto umeshtakiwa kwa mauaji, na Ambrosine, mjane wa marehemu, anadai haki. Kesi hiyo aliitunga Tad. Wigi la hakimu alilishona mwenyewe kwa nyuzi za mopu, na halijawahi kufuliwa.

Onyesho la kwanza, mwaka 1999, lilifanyika katika chumba cha chini cha nyumba ya shangazi yake Otis Blanchard, mpiga ngoma wetu. Watazamaji walikuwa kumi na mmoja, watatu kati yao wakiwa wamekuja kufua nguo. Tad alipanda juu ya mashine ya kufulia, akamwaga ndoo mbili za maji sakafuni ili mshtakiwa awepo mahakamani. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mkishamfunga huyo mto wenu, mnipangusie hayo maji."

Huko Cleveland jirani aliwahi kuwapigia polisi simu kwamba kuna mtu anakiri kuua. Askari akaja, akamkuta Tad na wigi lake.

"Nani kauawa hapa?" akauliza.

"Ndilo tunalochunguza, afande. Kaa, shahidi wa pili anakuja."

Askari alikaa mpaka wimbo wa mwisho.

Mwaka 2008 mambo yalituharibikia. Daktari alimkuta Tad na uvimbe kwenye nyuzi za sauti, akampa amri ya kunyamaza miezi minne, asinong'one hata kidogo. Tulikuwa tumeshaahidi maonyesho katika miji kumi na tisa. Tukakutana nyumbani kwa Corinne Haddad, mpiga besi, ambaye ndiye anayeandika maneno haya. Mama yake alituandalia kibbe, yale mabonge ya nyama na ngano ya Kilebanoni, na hakuna aliyeigusa. Tukapiga kura ya siri kwa vikaratasi: tumsubiri Tad, au tutafute mwimbaji mwingine? Otis alitaka tusubiri, na hakuficha. Vikaratasi viwili kati ya vitatu vilisema tutafute. Tad alivisoma, akachukua kalamu na kuandika: "Sawa. Lakini wigi ni langu."

Tulimpata bwana mmoja wa Akron mwenye koo la chuma. Aliimba kila neno mahali pake, na sisi sote tukabaki kuangalia viatu vyetu. Siku ya tatu aliaga mwenyewe kwa adabu. Zikabaki siku tano kabla ya Grand Rapids, mji wa kwanza, na Tad akaja mazoezini na boksi lililojaa karatasi. Ya juu iliandikwa: "Hakimu amepoteza sauti. Kesi waachieni mashahidi."

Grand Rapids kila aliyeingia alipewa mlangoni kipande cha karatasi chenye mstari mmoja wa wimbo. Ngoma zikaanza. Tukafika mahali pa maneno, na hakuna aliyefungua mdomo. Tukaurudia muziki mara moja, mbili, nne. Wendell, ndugu yake Otis, alikuwa ameshaanza kuchomoa waya wa gitaa lake, ndipo mama mmoja mwenye aproni ya mgahawa alipoinua karatasi na kupiga yowe lililotoka tumboni: "Nilimwona akiingia majini kwa hiari yake." Aliyekuwa nyuma yake akamjibu. Kisha ukumbi mzima. Tad alisimama kimya, mdomo umefumbwa, akiwanyooshea nyundo ya hakimu mmoja baada ya mwingine, machozi yakimchuruzika. Corinne alikosea noti nyingi na hakuna aliyemlaumu.

Miji yote kumi na tisa iliimba hivyo. Bendi za Columbus, Hamilton na hata Monterrey zimeuiga mtindo huo, na Ambrosine, ambayo redio haijawahi kuipiga, ina watu wanaojua kesi yake kwa moyo kuliko sisi wenyewe.

Sauti ya Tad iliporudi, ikikwaruza kama mlango wa ghala, simu ya kwanza aliyopiga ilikuwa kwa Corinne. "Mwandiko wako naujua," alisema. "Na ulipiga kura vizuri tu. Bendi si koo la mtu mmoja." Corinne alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi kwa miezi minne. Tad akabadili mazungumzo, akaulizia kibbe. Radhi hiyo inaombwa leo, mbele ya watu wote.

Tad anaondoka akiwa mzima. Februari alituambia, "Nataka niache nikiwa bado naipenda." Nafasi yake anaishika Denise Kaczmarek, ambaye Tad amemfundisha kupumua kila Jumanne kwa miaka sita. Wosia wa Tad kwake ni mfupi: "Usiniige. Nikisikia unaniiga, nitakuja kukuzomea."

Tad, asante kwa kuyapa maisha yetu kazi ya kufanya. Wewe na mkeo Joanne mkaifurahie ile nyumba yenu ya kupumzikia huko Marblehead, paa lisivuje, na asubuhi zenu ziwe ndefu na za kimya. Septemba tutakaporudi jukwaani na Denise, ukija kutusikiliza, panga foleni kama wengine. Tutakuwa tunakutazamia.