Spéciose Nabintu, Aliyeanzia Mstari wa Mwisho

Mama Spéciose Nabintu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1955 huko Walungu, Kivu ya Kusini, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Nicolaus na marehemu Mama Prudence. Shule ya msingi aliisoma hapohapo Walungu, akamaliza sekondari Bukavu mwaka 1974, kisha akafundisha darasa la pili Uvira kwa zaidi ya miaka ishirini. Tarehe 12 Agosti 1978 alifunga ndoa na Mzee Télesphore, mwongoza kwaya, wakajaliwa watoto wawili.

Vita viliwatoa Uvira mwaka 1996. Walikaa kambini Nyarugusu, Tanzania, hadi Februari 2003 walipofika Toronto na kupanga nyumba ghorofa ya tisa, hapa Weston. Alifanya kazi ya kutunza wazee North York, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, mpaka alipougua.

Mwaka 2007 mpiga kinanda wa kanisa letu alihamia Alberta. Mama, mwenye miaka hamsini na miwili na ambaye hakuwahi kugusa kinanda, alisema atajifunza. Alijijua vizuri: akishavua koti tu, anakaa kwenye kochi na siku imekwisha. Kwa hiyo kinanda cha mazoezi kiliwekwa nyumbani, karibu na mlango, na kila alipotoka kazini alipiga dakika kumi, koti mwilini na viatu vya theluji miguuni. Hakukosa siku. Hata hivyo kila Jumapili alifika mstari wa tatu akakwama, na kwaya ikajifunza kuivuta sauti na kumngoja. Watoto wa kanisani walicheka. Mwaka 2009 aibu ilimzidi, akakifunika kinanda kwa kitenge miezi mitano.

Aliyekifunua ni Mama Généreuse, mwalimu mstaafu wa muziki, alipokuja kusalimia.

"Unaanziaka wapi?" aliuliza.

"Ku mwanzo."

"Kila siku?"

"Kila siku. Nikikosea, narudia ku mwanzo."

"Njo maana mwisho unabakiaka mugeni. Anzia mustari wa mwisho, polepole. Ukiisha kuujua, rudi nyuma mumoja."

Mama alikasirika kidogo, maana miaka miwili si mchezo, lakini alitii. Siku ya Pasaka 2010 alipiga wimbo mzima. Walipofika mstari wa tatu kwaya ikamngoja kwa mazoea, yeye akapita. Mzee Télesphore alibaki na mkono hewani. Nyumbani alimwambia mkewe, "Leo umetuacha, chérie." Neno hilo lilimfurahisha Mama kuliko pongezi zote za kanisani, na alilirudia kwa kila mgeni kwa mwaka mzima.

Machi 2016 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Wiki hiyohiyo alichagua wimbo wa 112, ule tunaouimba makaburini, ambao hakuwahi kujifunza. "Ya kwangu nitapiga mwenyewe," alimwambia Mzee, akamtaka arekodi kwa simu kila alipoongeza mstari. Alianza na wa nne, ule wa mwisho, kama alivyofundishwa. Dakika kumi zikawa tano, baadaye mbili, lakini koti alilivaa vilevile, hata siku ambazo hakutoka nje. Mwishoni mwa Oktoba alikuwa amefika wa pili. Tarehe 2 Novemba alilazwa, na mstari wa kwanza ukabaki. Jambo hilo lilimuuma, na sisi linatuuma.

Alifariki hospitalini tarehe 14 Novemba 2016, saa nne asubuhi, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, Mzee Télesphore. Watoto, Jolie, aliyeandika haya, na Landry. Na wajukuu watano wanaoelewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Mungu ampe pumziko jema.

Sasa tusimame kwa wimbo wa 112. Mstari wa kwanza tutauimba wenyewe, bila kinanda. Kuanzia wa pili anayepiga ni yeye, kutoka kwenye simu ya Mzee. Kwaya isimngoje. Ataingia kwa wakati wake.