Toleo la Zamani Linalotuonyesha Zamu ya Maji

Mgeni rasmi, Bwana Cuthbert, wewe na wenzako mnaotunza kiunzi huria, ile programu ya bure iliyobeba tovuti yetu, shikamoo. Pole na vumbi la njiani. Chiungutwa ni kwako.

TULIKOTOKA
Zamani mtu alijitwisha ndoo mpaka kioski, akakuta bomba kavu, akarudi nayo tupu. Sasa zamu ya maji tunaiona kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani. Tovuti inaendeshwa na kompyuta kuukuu ya msaada, hapo ofisini kwetu.

TULICHOPATA
Ugomvi wa foleni umekwisha. Hata mama mkwe akikutuma, unamwonyesha simu: "Mama, leo si zamu yetu." Anaguna, anakuacha upike.

KILICHOTUKUTA
Kwetu mgeni akitajwa tu, watu wanafagia na kusiriba kuta. Anifa, mwenzetu anayetunza kompyuta, aliposikia unakuja alipiga deki ofisi, akafuta vumbi, kisha akaona kitufe cha "Sasisha". Akaona haya mgeni akute kitu cha zamani. Akabonyeza.

Toleo jipya la kiunzi likaingia. Kumbe linataka programu endeshi mpya, na kompyuta yetu haina nguvu ya kuibeba. Tovuti ikawa nyeupe pe! Kesho yake ndoo zilijaa kioskini, maji hakuna.

"We Anifa," mwenzetu Mama Ashraf akamwambia, "umefagia mpaka maji?"

Watu wakacheka. Anifa naye akacheka, machozi yakimlengalenga.

Getrude, fundi wa kompyuta kutoka Mkomaindo, akalirudisha toleo la zamani kutoka kwenye nakala aliyoitunza. Zamu zikaonekana tena. Ila alituambia mnakaribia kuacha kuliziba matundu ya usalama. Wahuni wakiingia humo, sisi tunarudi kwenye bomba kavu.

TUNACHOOMBA
Hatukatai upya. Tunaomba matundu ya toleo la zamani yaendelee kuzibwa mpaka tupate kompyuta nyingine. Na kitufe kile kiseme mapema, kabla mtu hajabonyeza: kompyuta hii haitaweza. Matoleo yajayo nayo yazikumbuke mashine kama yetu.

Mgeni rasmi, maji uliyonawa ulipofika, Anifa aliyachota alfajiri, baada ya kuiona zamu yetu kwenye simu. Ni toleo la zamani hilo.

Mungu akurudishe salama, na nyumbani kwako maji yasikatike.

Ni sisi,
Kikundi cha Akina Mama wa Zamu ya Maji, Chiungutwa