Mzee Komeo Astaafu, Mageti Yamefungwa

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufunga uzio na mageti ya mabwawa ya kuogelea majumbani, Mzee Komeo anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Safari hii ni kweli. Saa ya ukutani tuliyomnunulia kama zawadi imekaa kwenye kabati la ofisi miaka miwili, maana kila tukiandaa sherehe anasema hajampata wa kumwachia kazi. Betri tumeshabadilisha.

Nimeombwa niandike mimi, mshonaji wa mafuniko ya mabwawa, kwa kuwa cherehani yangu na benchi lake vimetazamana tangu nilipoajiriwa. Wenye kalamu nzuri kuliko yangu wapo, lakini hawana binti kama wangu, na habari za Mzee Komeo bila binti yangu hazisimuliki.

Alianza kama kibarua wa kuchanganya zege. Jina la Komeo alilipata siku alipomgeuza bosi njiani wakienda harusini, suti na tai, wakarudi kwa mteja kutikisa komeo moja alilokuwa na shaka nalo. Lilikuwa zima. Chakula cha harusi walisimuliwa tu.

Geti lake lazima lijifunge lenyewe, lifunguke kuelekea nje, na komeo liwe juu, mkono wa mtoto usipofika. Hata hivyo hakuridhika na vipimo vya futi. Alikuwa na mtindo wake: anamwita mtoto wa mfanyakazi, pamoja na mzazi wake, aje ajaribu kulifungua. Yeye anakaa ndani ya uzio, kando ya geti, biskuti mkononi. Mtoto akishindwa, geti limefaulu, na biskuti anapewa vilevile.

Wa kwanza kumshinda alikuwa binti yangu, akiwa na miaka mitatu. Sijisifu, nasema yaliyotokea. Alilitikisa geti mara moja, akatazama juu, akaondoka zake. Tukacheka, tukadhani kakata tamaa. Kumbe kaenda kuchukua ndoo ya bustani! Akaipindua, akapanda, akafungua, akanyoosha mkono apewe biskuti yake. Mwenye nyumba alipiga makofi, nami nusura nipige vigelegele. Mzee Komeo hakucheka. Alimbeba, akampa pakiti nzima, kisha akatugeukia: "Na kama nisingekuwa hapa?" Makofi yaliishia hapohapo.

Tangu siku hiyo hakuondoka kwa mteja kabla ya kuzunguka uzio mzima akiondoa viti, vyungu vya maua na ndoo. Hata mpira unaoelea aliutoa majini, kwa kuwa mtoto akiuona ataufuata. Nyumba moja alimkuta baba mkwe wa mteja ameketi kando ya uzio. "Mzee mwenzangu, wewe baki," alimwambia, "ila kiti kinahama." Na wazazi aliwaambia bila kuficha kwamba geti linamchelewesha mtoto tu, lazima mtu mzima mmoja, anayejulikana ni nani, akae amtazame, simu aiweke mbali. Mageti yake yametapakaa mji mzima, na ile simu ya msiba ambayo sote karakanani tunaiogopa, hajapigiwa hata mara moja.

Binti yangu sasa ni fundi hapahapa, tena fundi hasa, muulizeni yeyote. Lakini kila geti alilofunga, Mzee Komeo alilivuta kwa kidole kidogo na kusema, "Bado, mwanangu." Msichana akirudi nyumbani amenuna, hata kula hataki. "Mama, huyu mzee anataka nini?" Kuna siku nilitamani kumchoma Mzee sindano.

Mwezi uliopita mwanawe Mzee Komeo alihamia nyumba yenye bwawa. Kuna mjukuu pale, wa miaka mitatu, miguu haitulii. Sote tulijua geti hilo Mzee atalifunga mwenyewe. Akampa binti yangu. Mimi nilikwenda kupima funiko, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Mzee Komeo alikaa ndani na biskuti yake, jasho linamtoka. Mjukuu akasukuma, akatikisa, akalamba chuma. Geti kimya. Akaondoka zake.

Akarudi anasukuma kitu kwa tumbo. Binti yangu alikuwa ameondoa kila kiti na kila chungu. Hiki kilikuwa sanduku la plastiki la vifaa, ambalo Mzee Komeo mwenyewe alikuwa amelisahau barazani. Binti yangu alimwahi, akamnyanyua mtoto kwa mkono mmoja na sanduku kwa mwingine. Akalipitisha juu ya uzio. "Babu, sanduku lako."

Mzee Komeo alilitazama, akacheka mpaka akakohoa. Hakulivuta geti kwa kidole. "Kaa nalo," alisema. "Si langu tena." Biskuti waligawana watatu.

Mzee Komeo, karakana nzima inakushukuru, na kina mama wengi usiowajua wangekushukuru kama wangejua. Nenda ukapumzike, afya iwe nawe, ukae kando ya bwawa umtazame mjukuu wako akiogelea. Saa yako iko tayari kutundikwa ukutani kwako. Na usirudi kukagua: sanduku liko kwa binti yangu.