Siku ya Mechi Msikae Matanga

Sogezeni viti, wanangu, maana sauti iliyokuwa ikivuka uwanja mzima leo haifiki hata mlangoni. Bahlul, mwanangu wa kwanza, acha kutazama saa. Khanlar, futa machozi, kipa halii kabla mpira haujapigwa. Nawe Zumrud, binti yangu, nipe chai nilowanishe ulimi, kisha ukae. Hata dada yangu Tukazban abaki, ingawa najua atanipinga kila neno, kwa kuwa amenipinga tangu tukiwa watoto.

Ya mali ni mafupi. Nyumba ni ya Khanlar, kwa sababu ndiye aliyekaa nayo akaziba paa. Shamba la makomamanga ni la Zumrud, lote, mpaka mferejini, na yeyote atakayesema kuwa mwanamke hapewi miti na aje aniambie mimi kaburini. Bahlul, wewe kocha, nakuachia timu, na huo ndio mzigo, kwa hiyo sikilizeni.

Timu yetu ya Narli haijawahi kupanda zaidi ya daraja la tatu, na kila ilipopanda ilishuka kabla viatu havijachakaa. Ilizaliwa zama za shamba la ushirika, kwenye kipande cha ardhi ambako chumvi iliua miti, msimamizi akasema, "Pasipoota komamanga, basi na pakimbie watu." Jezi hatukuwa nazo. Sisi vijana tukachemsha pipa zima la maganda ya komamanga, tukatumbukiza fulana zetu nyeupe, tukingoja wekundu wa tunda lenyewe. Zikatoka manjano, manjano kama kifaranga wa jana. Tukazban akacheka mpaka akakaa chini: "Mngeuliza, wapumbavu! Ganda hilo ndilo tunalotilia manjano nyuzi za mazulia, tangu enzi za bibi zetu!" Tulipokwenda kucheza kwa jirani zetu wa Garasu, watazamaji walitumwagia mtama wakiita, "Ku-ku-ku! Njooni mle!" Tukafungwa. Lakini hakuna aliyetaka kubadili rangi, na tangu hapo sisi ni Vifaranga, na mtu akituita jina jingine hatugeuki.

Sasa neno lenyewe. Baba yangu alipofariki, nusu ya timu walikuwa wanawe na wana wa ndugu zake. Wazee wakasema, wafiwa hawakimbizi mpira. Tukakaa turubaini, tukamimina chai, tukapokea mikono ya pole, na wageni wakafika uwanjani wakakuta mbuzi. Jumamosi iliyofuata ikawa hivyo hivyo, kwa kuwa arobaini ilikuwa haijafika. Kanuni ya ligi haijui arobaini: asiyefika mara mbili hufutwa. Tukafutwa. Si kwa ubaya, wanangu. Tuliiua timu kwa heshima, kama amwagiliaye mche mpaka ukaoza. Uwanja ukaota majani ya ng'ombe, vijana wakatawanyika mijini, na mpaka nchi ilipobadili bendera ndipo tukapata kurudi, chini kabisa ya ngazi.

Na ninyi msimu huu mmeshakosa mechi moja, basi lilipokwama thelujini. Jumamosi hii Garasu wanakuja. Mimi Jumamosi sifiki. Msinikatize; naujua mwili huu kama ninavyoijua kona ya kushoto. Nikifa, nizikeni siku ile ile kama ilivyo ada, turubai lijengwe, hitima isomwe, halua ikorogwe. Lakini Jumamosi ikifika, vaeni jezi mkacheze.

Haya, Tukazban, sema, usimeze. "Watu watasema nini, Sattar? Udongo wa kaburi mbichi, wana wanarukaruka na kaptura!" Nawajua watu, dada: watasema siku tatu, kisha watauliza matokeo. Turubai na lijengwe nyuma ya goli. Wazee wanywe chai wakitazama, mwenye kulia alie, na mwenye kumtukana mwamuzi amtukane polepole, maana ni msibani.

Na Yaver, kocha wa Garasu, ana roho laini. Atawakataza vijana wake wasiwafunge wafiwa. Mwendeeni kabla ya kipenga mkamwambie, Sattar amekataa sadaka ya mabao. Wakiwapisha njia, upigeni mpira nje. Mwambieni pia kuwa lile bao letu lililopita kwenye tundu la wavu, ambalo ameapa miaka yote kuwa halikuingia, nimemsamehe, lakini liliingia.

Bahlul, usimfokee mdogo wako mbele za watu. Khanlar, msikilize kaka yako hata akikosea. Gombaneni ndani, mtoke mmevaa rangi moja.

Niinueni... kidogo tu. Sijaona kichwa kikiitikia. Bahlul? Unamtazama shangazi yako. Wote mnamtazama yeye. Ni haki, ndiye atakayebaki mkubwa wa nyumba hii, na nisipompata yeye sijampata mtu. Tukazban... dada... usinipe machozi. Nipe neno.

Rudia, wasikie. "Nitakaa turubaini, kiti cha mbele. Na wakifungwa kizembe, nitawachapa kwa kiatu."

Mmemsikia. Basi... imetosha. Mungu awape miguu myepesi, wanangu, na umri mrefu... na mlango usiokosa mgeni. Radhi zangu mnazo, zote. Nendeni mazoezini, jua lingalipo... Mimi na dada yangu... tutakaa.