Kalibu ya Ua la Mama Mkwe

Kahawa yangu si nzuri, nalisema mwenyewe kabla hujasema wewe. Watu hawaji kwenye benchi langu kwa ajili ya kahawa, wanakuja kubishana, na mtu akibishana koo linakauka, hapo ndipo na mimi napata riziki. Benchi lenyewe ni ubao mrefu juu ya matofali, limeegemea ukuta wa karakana ya Vioo, fundi wa madirisha ya alumini na mteja wangu wa kwanza wa kudumu. Mteja wangu wa pili wa kudumu ni Mama Povu, anayeuza sabuni ya maji aliyoichemsha mwenyewe. Wa tatu ni mpaka rangi tunayemwita Nilisema, kwa kuwa hakuna jambo lililowahi kutokea ambalo hakulitabiri, baada ya kutokea. Wa nne ni kijana fundi wa dari, jina lake Mtarajiwa. Anamtarajia binti wa yule mama mjane wa nyumba inayotutazama, mlango wa kijani. Alhamisi hiyo Mtarajiwa alitoka mbio kwenye mlango huo huo, kakumbatia kitu ndani ya shuka, uso umempauka kama kaogea chokaa.

Mtarajiwa: Jamani, nimekwisha.

Nilisema: Nilisema!

Mama Povu: Umesema nini, na mwenyewe hajaeleza?

Nilisema: Ndiyo maana nikasema mapema.

Akafungua shuka juu ya benchi, nikaokoa vikombe vyangu. Ndani kulikuwa na ua la jasi, upana wa sinia, petali nane, la kubandika katikati ya dari pale taa inaponing'inia. Zuri kwelikweli. Tatizo ni kwamba lilikuwa vipande viwili.

Mtarajiwa: Mama mkwe kasafiri kwa dada yake. Kaniachia funguo, akaniambia, "Mwanangu, nikirudi Jumamosi nikute dari nyeupe. Ila ua langu, lichunge." Nimelichunga siku mbili nzima! Leo nimelilegeza kidogo tu nisafishe nyuma yake, likaniponyoka.

Vioo: Si unaligundisha tu?

Mtarajiwa: Nitaligundisha. Lakini kupandishwa tena haliwezi, halina nguvu. Jumapili wazee wangu wanakuja kuposa, wanakaa chini yake hapo. Unataka limshukie baba mdogo utosini katikati ya maneno?

Mama Povu: Nunua lingine.

Mtarajiwa: Nimepita maduka yote, dada. Ya dukani yana zabibu, mengine yana watoto wenye mabawa. Akiingia tu atajua. Na akijua, binti sipati. Huyo mama akisema hapana, hata mvua inaghairi.

Kila mmoja akameza kahawa yake mara moja, kwa adabu. Kisha Vioo akapiga goti lake.

Vioo: Tunalinakili! Unagundisha hili, unaziba ufa, unalipiga msasa. Halafu tunalivika silikoni, ikishika tunaibandua, tunapata kalibu. Ndani ya kalibu unamimina jasi. Ua jipya, zima, lile lile.

Mtarajiwa: Silikoni ya kalibu ni ghali, Vioo. Ile ni makopo mawili ya kuchanganya kwa mizani.

Vioo: Achana na makopo. Mimi nina tyubu za kuzibia madirisha. Mama Povu ana sabuni. Unakamulia silikoni ndani ya maji ya sabuni, unaikanda, inakuwa kama unga wa maandazi.

Nilisema: Nilisema siku nyingi kwamba dirisha na andazi ni ndugu.

Vioo akaingia karakanani, akarudi na tyubu na bunduki yake ya kukamulia. Mtarajiwa alishagundisha na kuziba. Akafuta rangi ya zamani kwa kitambaa kibichi na msasa mpaka ua likabaki jeupe la asili, akalilaza juu ya kioo na kulipaka mafuta ya mgando kila pembe. Mama Povu akaleta beseni la maji na sabuni. Vioo akakamua. Ule uzi mweupe ukaingia majini, ukazunguka mara mbili, ukayeyuka wote. Tukabaki na beseni la kitu kama maziwa.

Mama Povu: Hiyo ndiyo kalibu?

Nilisema: Nilisema maji yawe ya moto.

Mama Povu: Ulisema maandazi!

Vioo akaisoma tyubu. Akaisogeza mbali na macho, akaisoma tena.

Vioo: Hii ni ile ya kuziba nyufa za ukuta. Ya kupakwa rangi juu. Siyo silikoni.

Mtarajiwa: Fundi wa miaka ishirini!

Vioo: Zinafanana mgongoni!

Ikaja ya pili, na hiyo ilikuwa yenyewe, maana silikoni hunuka siki, na hii ilinuka mpaka mteja mmoja akaniuliza kama nimeanza kuuza kachumbari. Kosa likawa jingine. Nilisema alidai sabuni ni mapambo, akaichukua silikoni kabla haijagusa maji, mikono mikavu.

Nilisema: Kitu cha kukanda kinakandwa kwa mikono ya... eh. Eh! Mbona haitoki?

Vioo: Usishike kitu!

Alishashika. Alikuwa kashika kikombe changu. Akajaribu kukibandua kwa mkono wa pili, mkono wa pili nao ukabaki huko. Akasimama katikati ya njia kama mtu anayeomba kahawa kwa unyenyekevu mkubwa, na Mama Povu akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na kitenge chake kipya. Mimi nilicheka pia, ingawa kikombe ni changu.

Mama Povu ndiye aliyetuokoa. Akalowesha mikono yake kwa sabuni nzito mpaka viwiko, Vioo akamkamulia tyubu mbili nzima ndani ya maji, naye akaifuata silikoni humo kwa mikono. Akakanda, akakunja, akavuta. Mara donge likatoka jeupe, laini, halimng'ang'anii hata kidole.

Mama Povu: Haya, wanaume. Nani alisema sabuni ni mapambo?

Akalitandaza juu ya ua, unene wa kidole, akilibonyeza kila bonde lisiachwe na hewa. Tukalikalisha kivulini. Na hapa ndipo akili za benchi zilipoanza kupanda, maana kungoja ni kubaya kuliko kazi.

Vioo: Mnajua, hii kitu inanakili kila kitu. Hata unyoya.

Nilisema: Basi inaweza kunakili ufunguo.

Vioo: Ufunguo ni mchezo. Inanakili meno! Unang'ata, unapeleka kalibu, meno yanatengenezwa na wewe uko nyumbani umelala.

Mama Povu: Mimi namnakili mume wangu. Namtoa wa jasi, namweka kwenye kochi. Ananyamaza vile vile, ila huyu hali.

Nilisema: Mnafikiri kidogo. Sikilizeni mtu aliyesoma. Mtarajiwa, mama mkwe wako hucheka?

Mtarajiwa: Mara moja, nilimwona. Alikuwa anaongea na mbuzi.

Nilisema: Safi! Siku akicheka tena, Mama Povu anamwekea donge usoni haraka. Tunakuwa na kicheko cha akiba. Jumapili kabla wazee hawajaingia, unambandika.

Mtarajiwa: Na atapumulia wapi?

Nilisema: Hayo ni mambo ya mafundi.

Kufika alasiri kalibu ilikuwa imeshika, inadunda ukiigonga. Vioo akaibandua taratibu kuanzia pembeni, ikatoka na sauti kama busu. Ndani, petali zote nane, zimegeuka mashimo. Mtarajiwa akaibusu na yeye. Tukailaza ndani ya karai la mchanga mkavu isijikunje, kisha ugomvi mpya.

Nilisema: Weka unga, mwagia maji.

Mtarajiwa: Hapana, mzee wangu. Hapo ndipo kwangu. Maji kwanza, kisha unanyunyiza jasi mpaka uone visiwa havizami tena. Ndipo unakoroga, polepole, usiingize hewa.

Hilo alilijua, na lilikuwa jambo la kupendeza kumwona mtu anayetetemeka tangu asubuhi akinyooka mgongo ghafla. Akamimina, akagongagonga karai, viputo vikapanda na kupasuka. Baada ya nusu saa jasi ilipata joto, ikapoa, na ua likatoka zima.

Kama tungekuwa watu wenye akili, tungeishia hapo. Lakini nani aliyewahi kutengeneza ua moja akaridhika? Ijumaa Mama Povu alitaka kumimina kwa mkono wake. Akamimina. Vioo naye akasema la kwake litakuwa bora, na Nilisema akasema alisema, akamimina na yeye. Jioni tukawa na maua manne mapya na lile la zamani, matano, yamepangwa kwenye ubao juani. Mtarajiwa akayatandika migongo yote jasi mbichi na kitambaa cha wavu kuyatia nguvu, hata mshono wa lile la zamani ukafunikwa, ili achague zuri la kupandisha. Jumamosi asubuhi Nilisema akatokea na kopo la rangi nyeupe na, kwa kuwa brashi ilikuwa bado imelowa, akayapaka yote matano, mkono mmoja, bila kuruka.

Nilisema: Mlete mama mkwe sasa! Mlete na miwani yake! Akipata tofauti mimi naacha kusema.

Tulikuwa tunacheka hapo, Mtarajiwa anayapanga upya kwa kuyazungusha kama mcheza karata, anatuambia tubahatishe lipi la nani, na hakuna aliyepata. Hatukuona mtu kashuka garini na mkoba kichwani. Tulisikia sauti tu.

Mama: Hodi za barabarani sijui zinapigwaje. Hamjambo?

Tukasimama wote. Kikombe kimoja kilianguka, sitasema cha nani.

Mtarajiwa: Shikamoo, mama. Karibu. Umewahi.

Mama: Marahaba. Mbona ua langu liko barabarani? Na mbona limezaa?

Kijana angeweza kudanganya. Nilisema alikuwa tayari kavuta pumzi ya kumsaidia. Lakini Mtarajiwa alisogea, akachuchumaa mbele ya yule mama.

Mtarajiwa: Mama, nililivunja. Nililegeza nisafishe, likaniponyoka. Nikaligundisha, tukatoa kalibu, tukamimina mengine ili usijue. Nisamehe. Ukisema wazee wasije kesho, nitawaambia mwenyewe.

Mama alitua mkoba, akakaa kwenye benchi langu, mahali pa Mama Povu. Nikampa kahawa, akaishika bila kunywa.

Mama: Baba yake binti ndiye aliyelitengeneza. Hakuwa fundi, alikuwa karani. Nilikuwa na mimba ya huyo unayemtaka, siwezi kulala, basi na yeye halali. Akalichonga jikoni kwangu kwa kisu cha mezani, wiki tatu, jasi mpaka kwenye mchele. Alipomaliza akapaka jasi mbichi kwenye petali moja, akabonyeza kidole gumba. Akasema, "Hapo nimetia sahihi." Ukitazama kwa chini huoni. Mimi nikipanda ngazi kufuta vumbi, ndipo nakiona. Naweka na changu.

Mama Povu alikuwa ameshajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Nilisema: Basi mama, usihuzunike! Lenye kidole ndilo lake. Tunalitafuta sasa hivi!

Akainua la kwanza, akaligeuza kwenye jua. Petali ya tatu, kidole gumba, mistari yake yote.

Nilisema: Hili hapa!

Vioo alikuwa kashika la pili. Akamwonyesha. Petali ya tatu. Mama Povu akainua la tatu na la nne, na Mtarajiwa akainua la tano. Vioo akayagonga yote kwa ukucha, akaweka sikio. Tukayapima mkononi. Tukayanusa hata, Mungu atusamehe, yote yalinuka rangi.

Mama akayapitisha macho taratibu, moja baada ya jingine.

Mama: Sasa wanangu, lipi aliligusa yeye?

Nilisema akalirudisha la kwanza kwenye ubao, na wengine wakafuata.

Yule mama akanyoosha mkono, akaweka kidole gumba chake kwenye ua la kwanza, kikaingia na nafasi ikabaki. Akafanya hivyo kwa la pili, na la tatu, mpaka yakaisha. Kwenye la mwisho alicheka, kicheko kifupi cha puani, machozi yakiwa yameshafika kidevuni.

Mama: Alikuwa na dole, marehemu.

Akainuka, akakung'uta gauni, akamtazama Mtarajiwa ambaye bado alikuwa amechuchumaa.

Mama: Inuka. Yabebe yote matano, uyaingize ndani. Moja la kupandisha kabla wazee wako hawajafika, mengine chumbani kwangu. Na ole wako udondoshe hata moja, maana hujui utakuwa umedondosha lipi.

Alikwenda safari tano, moja moja, kayakumbatia kifuani kwa mikono miwili, na Vioo akimtangulia kufungua mlango.