Babu Kikombe na Chuchu ya Nyuma Kushoto

Miaka thelathini na mmoja katika banda la kukamulia si mchezo. Tarehe 30 Juni mhudumu wetu mkuu wa mifugo, tunayemwita Babu Kikombe, anastaafu.

Alianza kama mfagia samadi. Jina alilipata kwa kikombe cheusi cha bati kisichomtoka mkononi. Hukamulia humo matone ya kwanza ya kila chuchu, maana juu ya weusi mabonge ya maziwa yenye ugonjwa hayajifichi. Daktari wetu wa mifugo, siku yake ya kwanza kazini, alikinywea chai. Mpaka leo Babu humuuliza kama tumbo limetulia.

Lakini la kukumbukwa zaidi ni jaribio la mwaka jana. Ng'ombe tisa walikuwa na uvimbe wa kiwele uliogoma kusikia antibiotiki. Daktari akaleta dawa ya kinga, iliyotengenezwa kwa dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza baada ya kuzaa, ya ng'ombe waliochanjwa: haimuui mdudu yenyewe, inaupa mwili askari wa kupambana naye. Kila ng'ombe alipangiwa dozi mbili tu. Mmoja wao, Bibi Harusi, tuliyemwita hivyo kwa mwendo wake wa madaha, alikuwa na homa. Asipopona, anakwenda machinjioni.

Kuandika chuchu ya kutibiwa ilikuwa kazi yangu. Mtoto wangu alikuwa anaota meno, nami sikuwa nimelala. Kwa Bibi Harusi niliandika "nyuma kulia", Daktari akaingiza dawa humo.

Alasiri, Babu alikamua chuchu ya nyuma kushoto, akaona mabonge kikombeni, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, uliandika ukiwa umesimama wapi?"

"Mbele, upande wa kichwa, Babu. Nilikuwa nampapasa asirushe teke."

"Basi tumetibu chuchu isiyougua. Kushoto na kulia huhesabiwa ukiwa nyuma ya mkia."

Dozi moja imepotea, na kiwele kimekuwa kigumu kama jiwe. Daktari alishika kichwa. "Tukiandika hivi, jaribio zima litatiliwa shaka."

"Litiliwe," Babu alisema. "Andika kosa, na uandike kwamba mimi sikukagua. Kisha nipe dozi iliyobaki."

Dozi hiyo iliingia nyuma kushoto. Siku mbili mfululizo, kila baada ya saa mbili, Babu aliinama kuikamua chuchu hiyo kwa mkono, mgongo ukimuuma. Kikombe kilionyesha mabonge, kisha mabonge, kisha maji ya njano. Alasiri ya siku ya tatu aliniita nitazame mwenyewe. Yalikuwa maziwa.

Tusidanganyane: wanne kati ya tisa dawa haikuwafaa, na Bibi Harusi hajarudia wingi wa maziwa aliokuwa akitoa zamani. Ila yuko hai, na taarifa yetu ni ya kweli, kosa langu likiwemo. Siku ile maziwa yalipotoka, Babu aliandika ukutani kwa rangi nyekundu: SIMAMA NYUMA YA MKIA NDIPO UANDIKE.

Asante, Babu, kwa kutolificha kosa langu na kutonifukuza. Mgongo wako upumzike, na wajukuu wakupe kazi nyepesi kuliko yetu. Kikombe umenikabidhi. Kesho alfajiri naanza na Bibi Harusi, nyuma kushoto.